Masaa sita ya nani? Kusoma upya utafiti mmoja juu ya kahawa na usingizi



Kila mwaka, mitihani ikikaribia, kanuni moja inazunguka kwenye simu zetu: "Usikunywe kahawa masaa sita kabla ya kulala." Wengine wanaiandika kwa saa kabisa: "Kupita saa nane ya mchana (14h), basi." Wanaoituma wanasema imetoka kwa "utafiti wa Wamarekani", na kwetu neno hilo linatosha kufunga mdomo wa kila mtu.

Mimi nilisomea agronomi. Udaktari sikusomea, na hapa sitamwandikia mtu dawa. Lakini kuna kitu kimoja walitufundisha vizuri: kusoma jaribio. Dozi ni ngapi, vipande vya shamba ni vingapi, kipande gani kimeachwa bila kitu ili kulinganisha, na mwenye jaribio ana haki ya kusema nini akiangalia mavuno yake. Basi ule utafiti nimeusoma sawa vile ninasoma jaribio la mbolea. Nataka kuwaonyesha nguvu yake, mapungufu yake, na namna gani sisi huku tumeugeuza mpaka ukasema kitu ambacho haukusema.

Walifanya nini hasa

Utafiti ulitoka mwaka 2013 katika gazeti la kisayansi linaloitwa Journal of Clinical Sleep Medicine. Wa kwanza kati ya waandishi ni Christopher Drake, na kazi ilifanyika Detroit, Marekani. Walichukua watu 12, wazima wa mwili, wenye kulala vizuri. Kila mtu alipewa vidonge vitatu kwa siku: kimoja masaa sita kabla ya kulala, kimoja masaa matatu kabla, kimoja saa ile ya kulala. Katika vile vitatu, kimoja tu kilikuwa na kafeini, miligramu 400. Vingine viwili vilikuwa tupu, ile wanaita plasebo. Na kulikuwa na siku ambayo vyote vitatu vilikuwa tupu. Watu walilala nyumbani kwao, kitandani mwao, wakiwa na chombo cha kupima usingizi, na wakaandika pia wenyewe namna walivyolala.

Matokeo yalishangaza watu wengi. Hata kafeini iliyomezwa masaa sita kabla ya kulala ilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja, kwa kipimo cha kile chombo. Na la kushangaza zaidi: wenyewe waliolala hawakuona vizuri hasara hiyo. Chombo kinasema umepoteza saa nzima, wewe unaamka unasema umelala.

Kwanza niwape haki yao, juu kazi ni safi. Kila mtu alilinganishwa na yeye mwenyewe, si na jirani yake. Sisi wa mashamba tunajua thamani ya hiyo: ukilinganisha kipande cha bondeni na kipande cha mlimani, hujui kama tofauti imeletwa na mbolea ao imeletwa na udongo. Halafu, kwa sababu ya vidonge vitatu kila siku, hakuna aliyejua kafeini iko katika kidonge gani. Na hawakulazwa hospitali na nyaya kichwani, walilala kwao. Kwa watu 12 peke yake, jaribio limepangwa vizuri.

Kosa la kwanza ni la kwetu: masaa sita si mpaka

Sasa angalieni vizuri. Walipima muda tatu: sifuri, tatu, sita. Kwenye sita, usingizi ulikuwa bado unaharibika. Hawakupima nane. Hawakupima kumi. Hawakupima kumi na mbili.

Tuseme ninafanya jaribio la mbolea na dozi tatu: sifuri, kilo 50, kilo 100 kwa hekta. Ninaona mavuno yanapanda, na kwenye 100 yanapanda bado. Je, nina haki ya kuandika kwamba dozi nzuri ni 100? Profesa yeyote atanirudishia kazi. Atasema: "Mukubwa, wewe umesimama kupima hapo, mumea haukusimama." Kilo 100 ni mwisho wa jaribio langu, si mwisho wa mahindi.

Hivyo hivyo na masaa sita. Utafiti haukusema "acha kahawa masaa sita kabla ya kulala na utakuwa salama". Ulisema kwamba masaa sita, kwa dozi ile, hayatoshi. Hayo ni maneno mawili yenye kupingana. Kanuni tunayotumiana imechukua namba ambako madhara yalikuwa bado yanaonekana, ikaigeuza kuwa namba ya usalama. Ni sawa mtu aone kibao "Daraja limevunjika mita mia moja mbele", halafu aelewe kwamba ana ruhusa ya kukimbiza pikipiki paka hapo.

Kosa la pili: vikombe vinne katika kidonge kimoja

Upande wa pili, kanuni hiyo hiyo inaogopesha watu bure. Miligramu 400 si kikombe. Kikombe cha kahawa ya kuchuja, wanapopima kule kwao, kinakaribia miligramu 100. Kwa hiyo wale watu 12 walimeza vikombe vinne kwa mara moja, katika kidonge. Ni nani kati yetu anakunywa vikombe vinne katika dakika moja?

Tufanye hesabu kidogo, musiogope. Mwili wa mtu mzima unahitaji kama masaa matano kwa wastani ili kuondoa nusu ya kafeini iliyoingia. Masaa matano mengine, nusu ya ile nusu. Chukua miligramu 400 za jaribio: kisha masaa sita, bado kuna karibu 175 katika damu. Sasa chukua kikombe kimoja cha miligramu 100: kisha masaa sita zinabaki karibu 43. Yaani, mtu aliyemeza dozi ya Detroit masaa sita kabla ya kulala ana kafeini nyingi mwilini kuliko mtu aliyekunywa kikombe kimoja akiwa tayari amekaa juu ya kitanda. Je, hao wawili tuwape kanuni moja?

Utafiti wenye dozi moja hauwezi kukuambia kitu juu ya dozi nyingine. Hiyo si ubaya wa Drake na wenzake. Waliuliza swali moja, wakajibu swali moja. Ubaya ni wa wale waliobeba namba ya masaa na kuacha namba ya miligramu njiani. Katika agronomi, ukimwambia mkulima "nyunyiza kila wiki mbili" bila kumwambia nyunyiza kiasi gani, hujamsaidia. Umemtega.

Wengine waliokuja nyuma

Kwa bahati, kazi haikuishia 2013. Mwaka 2023, Carissa Gardiner na wenzake wa Australia walikusanya tafiti 24 na kuzichambua pamoja. Kwa wastani, kafeini ilipunguza usingizi kwa dakika 45, na ikachelewesha kushikwa na usingizi kwa dakika 9. Kiisha wakapiga hesabu: kikombe cha kahawa chenye miligramu 107 kinyweke masaa 8.8 mbele ya kulala, na dozi ya 217.5, ile ya poda za watu wa michezo, masaa 13.2.

Mimi hizo desimali hazinifurahishi. Masaa 8.8! Ukijumlisha tafiti zenye dozi tofauti, watu tofauti na vipimo tofauti, mashini ya hesabu itakupa desimali hata kama haukuiomba. Ni kama kusema mkulima wa Kivu anavuna maharage mifuko 3.7: namba iko sawa kwenye karatasi, lakini hakuna mkulima mwenye mifuko 3.7. Jambo la maana katika kazi ile ni kwamba muda unafuata dozi. Hiyo njo ilikosekana kwa kanuni yetu.

Kundi hilo hilo likafanya jaribio lenyewe, lililotoka 2024 katika gazeti Sleep. Hapa waliweka dozi mbili, miligramu 100 na 400, na muda tatu: masaa 12, 8 na 4 kabla ya kulala. Mwenye kusoma agronomi anatabasamu: hili ni jaribio la vigezo viwili, lenye kuweza kujibu swali letu. Matokeo: miligramu 100 hazikuharibu usingizi kwa namna ya kuonekana, hata masaa manne kabla ya kulala. Miligramu 400 ziliharibu, hata zikinywewa masaa 12 kabla. Na hapa tena, wenyewe waliona usingizi wao umekuwa mbaya paka pale walipokunywa 400 masaa manne kabla. Kwa muda ule mwingine, usingizi uliharibika na wao hawakusikia kitu.

Turudie hesabu yetu. Miligramu 400 kisha masaa 12: zinabaki karibu 76. Miligramu 100 kisha masaa manne: zinabaki karibu 57. Si sheria, ni makadirio ya wastani, lakini inaonyesha kwa nini kikombe kidogo cha jioni kinaweza kumwacha mtu alale kuliko sufuria nzima ya asubuhi.

Lakini hili nalo lina tundu, na tundu ni kubwa. Watu walikuwa 23, wote wanaume, vijana. Nusu ya wenye kunisoma hapa wametolewa nje ya jaribio. Na si jambo dogo, juu tunajua kwamba mwili wa mwanamke anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango unachukua karibu mara mbili ya muda ili kuondoa kafeini. Kwa mwanamke mjamzito, miezi ya mwisho, nusu ya kafeini inaweza kubaki mwilini kupita masaa kumi. Kinyume chake, mvuta sigara anaiondoa haraka, karibu nusu ya muda wa wengine. Dada yangu mwenye mimba ya miezi minane na jirani yake mwenye kumaliza pakiti ya sigara kwa siku wanakunywa kikombe kimoja saa moja. Usiku ukifika, mmoja kikombe kimetoka, mwingine kingali ndani.

Hata wadudu wanatufundisha hili. Mti wa kahawa hautengenezi kafeini kwa ajili ya wanafunzi. Ni silaha yake, sumu kwa wadudu. Lakini skolite, kale kadudu keusi kanakotoboa punje za kahawa zetu, kanakula punje na hakafi. Mwaka 2015 watafiti walionyesha sababu: kana bakteria tumboni zinazovunja kafeini. Dozi ni ile ile. Tofauti ni tumbo. Kwetu sisi tofauti ni ini.

Kikombe chetu hakijapimwa

Sasa tushuke nyumbani. Nani kati yetu anajua kikombe chake kina miligramu ngapi? Huku kahawa inachemshwa katika sufuria, unga unawekwa kwa macho, mama mmoja anaweka kijiko kimoja, mwingine vitatu. Na kahawa yenyewe si moja. Arabika ya Kalehe, Idjwi ao Lubero ina kafeini karibu gramu 1.2 kwa gramu 100 za punje. Robusta, mti wa misitu yetu wenyewe ya bonde la Kongo, ina karibu mara mbili: kama gramu 2.2. Kijiko kikubwa cha unga, bila kujaza, ni karibu gramu 5. Kwa hiyo kijiko kimoja cha arabika kinabeba karibu miligramu 60, cha robusta karibu 110, na maji ya moto yanatoa sehemu kubwa ya hiyo. Vijiko vitatu vya robusta katika termosi ya mtu mmoja: ameshapita 300. Huyo hayuko mbali na Detroit, na anadhani amekunywa "kakahawa kadogo".

Na usidanganywe na rangi. Watu wanasema kahawa nyeusi sana, iliyokaangwa sana, njo kali. Kukaanga kunabadilisha ladha na harufu. Kafeini karibu haiguswi. Ukali wa ulimi na ukali wa usiku ni vitu viwili.

Ongeza vingine. Kikombe cha chai kina miligramu kati ya 30 na 50 hivi. Makasu wanayotafuna mazamu na madereva nayo ina kafeini. Vile vinywaji vya nguvu vya mkebe, mara nyingi kuna miligramu 80 kwa mililita 250. Chupa ya nusu lita, 160. Kijana anayekataa kahawa ya jioni juu "ya ile kanuni", halafu saa mbili ya usiku anafungua chupa ya nusu lita, amekimbia kikombe kimoja akakutana na kimoja na nusu. Na kanuni haikumwambia kitu, juu imeandikwa "kahawa".

"Kabla ya kulala" ni saa ngapi kwa zamu?

Kitu kingine. Wale watu wa Detroit walichaguliwa kwa sababu wanalala vizuri, kwa saa zinazojulikana. Kwetu saa ya kulala inaamuliwa na nani? Kwa mwanafunzi wa Bukavu, mara nyingi inaamuliwa na umeme: ukirudi saa tano ya usiku, njo saa ya kufungua kompyuta. Kwa motari inaamuliwa na abiria wa mwisho. Kwa zamu, usiku ni kazi, na kitanda kinaanza saa mbili ya asubuhi. Mwambie zamu "usikunywe kahawa kupita saa nane ya mchana". Atakuuliza: sasa nikunywe lini? Kwake, saa kumi na mbili ya jioni ni asubuhi. Kikombe cha hatari ni kile cha saa kumi ya usiku, kinachomsaidia kumalizia zamu na kumwibia usingizi wa mchana. Kanuni ya saa haimhusu. Kanuni ya masaa kabla ya kitanda inamhusu, ikiwa na dozi.

Na tuseme ukweli wote: kuna usiku huku Kivu ambazo si kahawa inatunyima usingizi. Risasi zikilia mlimani, hakuna mwenye kuhesabu miligramu. Utafiti uliofanywa kwa watu wanaolala vizuri unatuambia kafeini inawatoa nini watu wanaolala vizuri. Hautuambii inatoa nini kwa mtu ambaye alikuwa tayari na masaa manne tu. Mimi nafikiri huyo njo anapaswa kuwa mwangalifu zaidi, juu hana akiba. Lakini hayo ni mawazo yangu, hayamo katika jaribio.

Kwa nini hili linanisumbua

Mtu ataniuliza: yote haya kwa kikombe cha kahawa? Ndiyo, na nitaeleza.

Nilifanya kazi msimu mmoja katika kituo cha kuosha kahawa, sitataja jina. Wenye kujua kazi hii wanaelewa: serizi zikifika jioni, haziwezi kungoja asubuhi. Zinaanza kuchacha, ladha inaharibika, bei inaanguka. Lazima zimenywe usiku ule ule. Msimu ukishika moto, vijana wanasimama kwenye mashini mpaka saa nane ao saa tisa ya usiku. Wakubwa wa kituo walikuwa na dawa yao: sufuria ya kahawa, bure, muda wowote, nyeusi sawa lami. Saa moja ya asubuhi, vijana wale wale walikuwa kwenye mizani, kupokea serizi za wakulima waliokuja mapema.

Nikauliza mara moja kama hatuwezi kugawanya watu, wa usiku mbali, wa asubuhi mbali. Jibu lilikuwa: "Si wanakunywa kahawa? Wanakuwa sawa."

Hapo njo penye jambo. Kafeini hailipi usingizi. Mtu akikaa macho, kitu kinachoitwa adenosini kinajikusanya katika ubongo, njo kinaleta uzito wa usingizi. Kafeini inakaa mlangoni inapokaa adenosini na kuizuia isiingie. Adenosini haijaondoka; iko nje, foleni inaongezeka. Ukichunguza yule kijana wa mizani, macho ni wazi, mikono inatikisika kidogo, na ukimwuliza atakuambia amelala. Matokeo ya 2013 na ya 2024 yanakubaliana hapo: mtu mwenyewe si shahidi mzuri wa usingizi wake. Sasa huyo shahidi mbaya ndiye anaandika kilo za mama aliyeshuka mlimani na kikapu kichwani. Akiandika 17 pahali pa 19, hakuna atakayejua. Kilo mbili za mama zimelipia usingizi ambao mkubwa wa kituo hakutaka kuutoa.

Ndiyo maana sipendi namba iliyochukuliwa nusu. "Masaa sita" inamwacha mkubwa aseme: vijana walikunywa saa nne ya usiku, wamelala saa kumi, yamepita masaa sita, tatizo liko wapi? Ile karatasi, ikisomwa yote, inamjibu.

Basi tufanye nini na utafiti huu

Hukumu yangu ni hii. Utafiti wa Drake na wenzake ni mzuri, usomwe, lakini usomwe na namba zake zote: watu 12, miligramu 400, na masaa sita kama mwisho wa kipimo, si mwisho wa hatari. Ule wa 2024 unautimiza, ukiongeza dozi ya pili, ila unaacha wanawake nje. Mpaka hapo watakapoingizwa, dada zetu wasikubali kupewa namba ya wanaume kama vile ni yao. Ule wa 2023 unatufundisha mwelekeo; desimali zake tuziachie karatasi.

Pahali pa kanuni moja, mimi naweka maswali matatu ambayo kila mtu anaweza kujiuliza akiwa na kikombe mkononi. Moja: ni kiasi gani kimo humu? Hesabu vijiko, jua kama ni arabika ao robusta, soma nyuma ya mkebe. Mbili: imebaki masaa mangapi mpaka kwenye kitanda changu mimi, si cha Mmarekani? Kikombe kidogo, masaa manne ni ya chini kabisa, na kuongeza si vibaya. Termosi nzima, ni ya asubuhi, wala si ya mchana. Tatu: mwili wangu unaondoa haraka ao pole? Mimba, vidonge, ini lenye ugonjwa: ongeza masaa, na umwulize muganga.

Na wale wanaosema, "Mimi nakunywaka kahawa saa mbili ya usiku na nalala sawa mutoto": ndugu yangu, sikatai. Lakini fanya jaribio. Wiki mbili na kahawa ya usiku, wiki mbili bila. Andika saa ya kulala, saa ya kuamka, mara ngapi uliamka. Na usijiulize wewe peke yako. Muulize unayelala naye chumba kimoja. Yeye njo kipande chako cha kulinganisha.

Kwa kamati yetu, nina ombi moja tu, na nalitoa kwa heshima. Katika vikao vyetu vya kusoma na wadogo kabla ya mitihani, termosi kubwa inatolewa saa mbili ya usiku, wengi wanarudi nyumbani saa nne, na saa kumi na mbili ya asubuhi wako njiani kwenda kwenye mtihani. Tuitoe saa kumi ya mchana, vijiko vihesabiwe, na saa mbili tuwape chakula. Kahawa ni yetu, tunailima, tunaiuza, wengine kati yetu tulilipiwa masomo nayo. Kuiheshimu ni pamoja na kujua saa yake.

Nasubiri mawazo yenu, hasa ya bakubwa wa kitivo cha udaktari: kama hesabu yangu imepinda, mninyooshe.